Siku Mutahi Kinyozi Alipopewa Kipaza Sauti

Kibanda cha Mutahi kilikuwa nyuma ya soko la Nyeri. Kilikuwa cha mbao na mabati, na ndani mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeacha kuzunguka kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa karani wa posta, na kila Jumamosi ya pili nilikwenda kunyolewa, hata nywele zikiwa bado hazijaota. Hatukuwa wachache. Wengine walitoka Tetu kwa miguu, wakapita vinyozi wawili njiani, wakaja kupanga foleni kwa Mutahi. Tulichokuwa tunafuata ni habari.

Mutahi alikuwa na redio ya betri juu ya rafu, na waya wake ulitoka dirishani ukafungwa kwenye mkaratusi. Saa moja asubuhi alisikiliza taarifa ya habari, saa saba mchana tena, na wakati huo hukuruhusiwa hata kukohoa. Msomaji akimaliza, Mutahi alichukua mashine yake ya mkono, akakuinamisha kichwa kwa kidole kimoja, akaanza kukusimulia upya yale yale uliyoyasikia. Ajabu ni kwamba sasa ndipo ulipoyaelewa. Daktari wa Afrika Kusini alipotoa moyo wa mtu mmoja akamwekea mwingine, Mutahi alieleza mpaka ukahisi wako unadunda chini ya shuka uliyofungwa shingoni. Mzee Gicheru, mzee wa kanisa, akauliza akiwa pale kitini, "Sasa dhambi za yule wa kwanza zimebaki na nani?" Mutahi akamjibu bila kusimamisha mashine, "Mzee, dhambi hukaa kichwani. Ndiyo maana mimi hunyoa taratibu."

Baridi ilipounguza kahawa Brazili, wakulima wa kahawa wa Tetu waliisikia kwanza kutoka kwake, wakaenda nyumbani wakiwasikitikia Wabrazili kwa uso na kufurahi kwa moyo.

Basi, mwezi wa saba mwaka wa sitini na tisa, watu wakatua mwezini. Mji mzima ukagawanyika. Wengine waliamini, wengine walisema ni uongo wa wazungu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Gicheru akasimama uani mwa kanisa akasema, "Kwa nini tunagombana ilhali Mutahi yuko hapa? Mutahi, panda kwenye hii benchi utueleze."

Mutahi akapanda. Mimi nilikuwa karibu, nikamwona akifunga kifungo cha juu cha koti.

"Atiriri!" akaanza, yaani sikilizeni, kwa sauti nzuri tu. Halafu akatazama mbele. Kulikuwa na watu kama mia tatu, na kila mmoja alikuwa na macho mawili.

"Mwezi," akasema. Tukangoja. "Mwezi... uko juu."

Akashuka.

Kicheko kilichozuka pale sijakisikia tena. Mama mmoja alicheka hadi kitabu chake cha nyimbo kikaanguka matopeni. Waithira, mkewe Mutahi, alimshika mkono wakaondoka wakipitia nyuma, karibu na choo.

Siku zilizofuata hata wauza viazi walimwita kutoka mbali, "Mutahi! Mwezi uko wapi leo?" Kisha wakajijibu wenyewe. Yeye alitabasamu, lakini kibandani alinyamaza. Redio ilisema, ikazimwa, na tulichosikia baadaye ni mashine tu, kri, kri, kri. Nilinyolewa mara nne bila neno moja. Nilitoka na kichwa safi na roho nzito.

Aliyekuja kuvunja ukimya huo ni Mwalimu Khavere. Alikuwa mama kutoka Maragoli, magharibi mwa nchi, aliyefundisha elimu ya watu wazima katika ukumbi wa mji, mrefu, mwenye sauti ya kufika barabarani bila kupaza. Nywele zake alizipunguza fupi kwa Mutahi kila mwisho wa mwezi. Siku hiyo nilikuwa kwenye benchi nangoja zamu.

"Mutahi," akasema, "redio yako imekwisha betri?"

"Hapana, Mwalimu. Iko sawa."

"Basi ni wewe umekwisha betri."

Mutahi akacheka kidogo, na kile kicheko kikamfungua. Akamweleza yote, ya benchi, ya mwezi na ya wauza viazi. Na alivyoeleza! Alimwiga Mzee Gicheru, akaiga hata kile kitabu cha nyimbo kikianguka. Mwalimu Khavere alitikisika kwa kicheko hadi mashine ikabidi iondolewe kichwani.

Alipotulia akasema, "Sasa hivi umenieleza vizuri kuliko mtu yeyote katika mji huu. Unajua kwa nini? Kwa sababu unaongea na kisogo changu. Kisogo hakina macho."

Mutahi akabaki ameshika wembe hewani. Miaka kumi na minne alikuwa amesimama nyuma ya watu, na hakuwahi kuliona jambo hilo.

Mwalimu Khavere akainuka, akageuza kiti kwa mikono miwili, akakaa akimtazama usoni. "Haya. Niambie habari za leo."

"Mwalimu, siwezi."

"Weka kwanza huo wembe chini, mimi niko na watoto wa kulea. Sasa niambie."

Dakika ile ya kwanza ilikuwa ndefu. Mutahi alitazama dari, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi kama mtu anayeomba maji. Mwishowe akasema kwamba kumetokea mafuriko nchi fulani, na hakukumbuka nchi ipi.

"Imetosha kwa leo," Mwalimu akasema. "Jumatatu soko likiwa limepoa nitarudi. Huyu karani naye aje."

Ndivyo nilivyokuwa shahidi wa masomo yale. Hayakuwa na daftari. Mwalimu alisema, "Sentensi ya kwanza uijue kama jina la mke wako. Hiyo ikitoka, zingine zitaifuata." Siku nyingine alisema, "Usianze kwa kuomba radhi. Ukisema wewe si msemaji, watu watakuamini." Mutahi alipouliza afanye nini akikwama, alijibiwa, "Nyamaza. Vuta pumzi. Watu watadhani unafikiria." Na kuhusu yale macho mia sita alimwambia hivi: "Hakuna mtu anayeweza kuongea na watu mia tatu. Tafuta uso mmoja wa mtu mwema, mweleze yeye. Ukichoka naye, tafuta mwingine."

Baada yangu akaletwa msikilizaji mwingine, Konstebo Simiyu, ambaye alikuwa akinyolewa pale na alikuwa na sura ya kutisha hata akiwa likizo. Mwalimu alimwagiza, "Afande, kaa hapo mbele, ukunje uso, usicheke hata kidogo." Simiyu akakunja uso. Mutahi akaanza kusimulia habari ya meli kubwa iliyokwama mchangani kwa sababu nahodha alikuwa anabishana na mpishi juu ya supu. Simiyu alivumilia mpaka kwenye supu. Hapo akaangua kicheko, kofia ikamtoka. "Mwalimu, nihamishe kazi hii," akasema huku akifuta machozi. "Hii ni ngumu kuliko ya kushika wezi."

Mutahi alipoona ameukunjua uso wa polisi, kitu kikabadilika ndani yake. Siku hiyo alifunga kibanda akipiga mluzi.

Kisha akapelekwa darasani. Kila Alhamisi alasiri, akina mama ishirini na watatu waliokuwa wanajifunza kusoma walipumzika dakika kumi kusikiliza habari za dunia kutoka kwa kinyozi. Mara ya kwanza jasho lilimtoka hadi kwenye soksi, alituambia. Mara ya tatu wale mama walikuwa wanamkatiza kwa maswali. Vietinamu ni mbali kupita Mombasa? Malkia wa Uingereza huamka saa ngapi? Wachuka, bibi mmoja aliyekuwa bado kwenye herufi K, alitaka kujua kama huko mwezini kuna maji ya kutosha ng'ombe mmoja.

Mwaka ukageuka. Mwezi wa nne, watu watatu wengine walirushwa kwenda mwezini, na safari hii mambo yaliharibika njiani. Mtungi wa hewa ulipasuka. Siku nne nzima Nyeri ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu walisimama mlangoni mwa kibanda kabla ya saa moja asubuhi, na hata wale waliosema mwezi ni uongo walikuja kuuliza kama watu wa uongo wamepona.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mashindano ya riadha uwanjani Ruring'u. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha usiku kucha, na gari la mgeni wa heshima likazama kwenye matope huko Endarasha. Wanariadha walikuwa tayari, bendi ilikuwa imepiga nyimbo zake zote mara mbili, lakini bila mgeni hakuna kilichoweza kufunguliwa. Watu elfu mbili na zaidi walianza kupiga miluzi. Mwenye kushika kipaza sauti alirudia "jaribu, jaribu, moja mbili" hadi akazomewa.

Mwalimu Khavere alikuwa katika kamati. Nilimwona akishuka jukwaani, akija moja kwa moja tulipoketi.

"Mutahi, umesikiliza habari asubuhi?"

"Nimesikiliza."

"Wamefika?"

Mutahi akatabasamu. "Wamefika, Mwalimu."

"Nani hapa anajua?"

Akatazama huku na huku. Wengi walikuwa wametoka nyumbani alfajiri kwa miguu. "Wachache," akasema, na hapo akaelewa anachoombwa. Waithira aliyekuwa kando yake alimnyoosha kola ya koti, akasema, "Enda, baba Ngendo. Mimi nitakaa pale mbele kabisa. Niangalie mimi."

Akapanda. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mwezi uko juu!" na kicheko kikaanza kutembea. Mutahi akakishika kipaza sauti, akasimama, miguu imetulia. Alinyamaza mpaka kicheko kikafika mwisho wa uwanja na kurudi.

"Wamerudi nyumbani," akasema. "Wote watatu wako hai."

Nilisikia bendera ikipigwa na upepo.

Halafu akatusimulia. Kutoka hapa hadi mwezini, alisema, ni kama kwenda Nairobi na kurudi zaidi ya mara elfu moja na mia mbili, na hakuna hoteli ya chai njiani. Alituingiza kwenye kile chumba kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili, nao ni watatu. Alitupa baridi yao, baridi ya Kieni mwezi wa saba bila blanketi wala kuni, na maji ya kunywa ya kupimiana kwa kijiko. Alipofikia pale walipokuwa wanaanguka kuelekea baharini, redio zao zimenyamaza, na dunia nzima haijui kama wamekufa ama wako hai, alinyamaza yeye pia. Alimtazama Waithira. Akavuta pumzi moja, mbili. Mama mmoja akashindwa kuvumilia, akalia, "Ngai, Mungu wangu! Sema basi!"

"Miamvuli mitatu mikubwa," Mutahi akasema, "ikafunguka."

Sijui nani alianza kupiga makofi. Najua kofia zilirushwa, bendi ikapiga bila kuamriwa, na Wachuka alikuwa akiruka na fimbo yake mkononi. Wanariadha walikimbia kuzunguka uwanja bila bastola kulia. Mgeni wa heshima alipofika saa moja baadaye, matope hadi magotini, aliwakuta watu wakiwa na furaha kiasi kwamba alidhani wanamshangilia yeye. Hakuna aliyemsahihisha.

Tangu siku hiyo Mutahi alianza kualikwa. Arusi, harambee, ufunguzi wa zahanati, kote alitakiwa aseme machache, naye alisema machache, kwa kuwa Mwalimu Khavere alimwonya kwamba mtu anapaswa kushuka wakati watu bado wanamtaka. Watu wa Endarasha walipomwalika, hawakumwacha aondoke mikono mitupu. Nilikutana naye jioni hiyo akishuka kituoni na mkewe, wamebeba gunia la kabichi, kila mmoja kwenye pembe zake mbili.

"Karani," akaniita, "unakula kabichi?"

"Nakula."

"Basi shika hapa katikati," Waithira akasema, "kwa sababu huyu msemaji wako tangu tutoke huko hajafunga mdomo, na mtu anayeongea habebi vizuri."

Tukaenda hivyo watatu hadi kwao, gunia likiyumba, Mutahi akisimulia.