Kahawa Iliyouzwa Msibani

Mwaka aliofariki mume wangu, mibuni ilikuwa imechanua. Waliokulia Muleba wanaijua hali hiyo: unaamka asubuhi unakuta matawi yote meupe, na harufu inaingia hadi jikoni. Nilisimama mlangoni nikayatazama maua. Nilijua kwamba ni mazuri, kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Hakuna kingine kilichofuata.

Nasimulia haya kwa sababu kinamama wanaokuja kushonesha kwangu Bukoba mjini huniuliza niliwezaje kubaki na shamba. Wanadhani nilipigana. Ukweli ni kwamba nilikuwa kama ubao. Kilichonibeba ni mambo madogo ambayo mikono yangu ilikuwa imeyazoea, na nitayaeleza polepole, kwa sababu hata mtu aliyechoka sana anaweza kuyafanya.

Tuliishi sehemu mbili. Mimi nilishona mjini, katika chumba cha kupanga karibu na soko. Yeye alibaki Muleba kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nami nilikwenda kila mwisho wa juma. Mteja akilipia gauni, kabla sijashika kitambaa kingine nilituma kiasi kidogo kwenye akiba ya simu, ile niliyojiwekea sharti la kutoigusa. Siku nyingine ilikuwa hela ya maandazi tu. Mume wangu alinitania kwa hilo.

"Hiyo simu yako inakula kuliko mimi," alisema. "Ipeleke basi ikalime."

"Simu haiombi nyama kila Jumapili," nilimjibu.

Sikuwa na mpango mkubwa. Nilianza, nikaendelea, mwishowe kutotuma kukawa kugumu kuliko kutuma.

Msibani watu walikuwa wengi na chakula kilikuwa kichache. Siku ya pili akaja mnunuzi wa kahawa, mtu tunayemfahamu, anayepita vijijini kwa pikipiki msimu wa mavuno na hata kabla ya msimu. Alimkabidhi shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, bahasha nene. Shemeji akasimama akatangaza kuwa ndugu yetu ameleta rambirambi. Watu wakaguna kwa heshima. Jioni ile kulikuwa na mchele na nyama. Nilikula kwa sababu niliwekewa sahani mapajani.

Mazishi yakapita, wageni wakaondoka. Nilibaki Muleba kwa muda, kwa kuwa mjini nako sikuona kinachoniita. Kila asubuhi niliingia kibanjani nikafanya alichokuwa akifanya yeye: kuondoa majani makavu ya migomba na kuyatandaza chini, kung'oa machipukizi yanayonyonya mbuni. Sikuwa nafanya kwa upendo, kama mtu anavyoweza kufikiri. Kulikucha, na kisu kilikuwa kimechomekwa kwenye paa la jiko.

Maua yalikuwa yamegeuka punje ndogo za kijani nilipomkuta mnunuzi kati ya mibuni, akiinua tawi moja baada ya jingine.

"Karibu," nikamwambia. "Umepoteza kitu?"

"Hapana, mama. Naangalia kahawa yangu kama imeshika vizuri."

"Kahawa yako?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli, nadhani. "Shemeji yako hajakueleza? Basi muulize. Mimi sipendi kumsumbua mjane."

Hapa inabidi nieleze jambo kwa wasiotoka kwetu. Kuna biashara tunayoiita butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Unapewa fedha leo, kwa bei ya mtu mwenye shida, na mavuno yakifika yanakuwa ya aliyekupa. Serikali inaikataza na bado ipo, kwa sababu shida haingoji kahawa iive. Ubaya wake ni kwamba msimu ukifika huna cha kuvuna, kwa hiyo mwaka unaofuata unauza maua tena. Ukiendelea hivyo unafika siku ya kuuza mibuni yenyewe na ardhi iliyoishika. Nawajua watu waliofika huko. Kwangu ilikuwa vibaya zaidi: mjane ambaye kahawa yake ina mwenyewe mwingine hana la kusema ukoo unapokaa kujadili kibanja.

Nikaenda kwa shemeji. Alikuwa anasuka kamba barazani kwake, na aliponiona akajua.

"Ulisema rambirambi," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Ndiyo, nilisema rambirambi. Ulitaka niseme nini mbele ya watu? Kwamba nauza maua ya mdogo wangu ili wapate wali?" Akatupa kamba chini. "Shemeji, ulikuwa umekaa pale kama gogo. Hukuona sufuria. Mimi niliziona. Ulitaka ndugu yangu azikwe kwa uji?"

"Hapana."

"Basi."

"Nitazirudisha."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Rambirambi hairudishwi! Ukirudisha unamwambia mtu chukua machozi yako. Watatusema mpaka Bukoba."

Hapo alisema kweli. Kwetu rambirambi haikopeshwi wala hairudishwi. Ikishapokelewa imekwisha, na kuigusa tena ni kumtukana aliyekufa. Ndipo nilipoelewa uzuri wa kazi yao. Wangetoa fedha waziwazi, ningeweza kuzirudisha. Wakazivika jina ambalo halirudi.

Nilirudi nyumbani nikamenya ndizi. Nilikuwa namenya, na mawazo yakaja bila haraka wala hasira. Kama ni rambirambi, hakuna anayedaiwa, na kahawa ni yangu. Kama ni butura, inarudishwa. Haiwezi kuwa vyote viwili. Kilichobaki ni aliyeleta bahasha kuchagua jina.

Jumapili iliyofuata ilisomwa misa ya kumwombea marehemu, na majirani wakaja nyumbani baadaye. Mnunuzi naye alikuja. Nilipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni kabla ya maneno. Alipochukua punje zake nikamuuliza mbele ya wote, kwa sauti niliyoitumia kuuliza kama maji yamechemka:

"Waitu, ndugu yetu, ile bahasha uliyoleta msibani ilikuwa rambirambi au butura? Nauliza ili nijue namna ya kukushukuru."

Shemeji akawa anachunguza kucha zake.

"Mama," akasema mnunuzi, "mambo haya tungeyaongelea pembeni."

"Pembeni ni wapi? Bahasha ililetwa hapahapa."

Jirani yangu wa mpakani, bibi ambaye hajawahi kupitwa na neno, akatema ganda la kahawa. "Mjibu mwenzio. Hata mimi nilikula hiyo nyama, nataka kujua nilikula machozi au nilikula maua!"

Watu wakacheka, na mnunuzi akacheka nao kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Sidhani ningeweza kuuliza vile katika mwaka wa kawaida. Aibu ingenizuia. Lakini aibu ni kitu cha kuhisi, na mimi nilikuwa sihisi. Nasema hili kwa yeyote aliye katika hali hiyo sasa: ganzi ni kitu kibaya, lakini ndani yake bado unaweza kuuliza swali moja.

"Tuseme ulikuwa mkopo," akasema mwishowe.

"Sawa. Mkopo."

"Lakini mkopo una muda wake, mama."

"Kabla kahawa haijaiva. Na hawa wamesikia."

Shemeji hakuniaga siku ile. Nilirudi mjini, nikafungua akiba ya simu nikaitoa yote, nikamtumia mnunuzi. Haikutosha, lakini ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuitazama. Sehemu iliyobaki niliishona. Ulikuwa mwezi wa sare za shule, wazazi wamepanga foleni na vipande vya kitambaa mkononi. Nilikanyaga cherehani tangu asubuhi. Mteja akilipa, nilituma kidogo kwanza, kisha nikanunua dagaa. Mkono ulikuwa umezoea hivyo kwa miaka. Safari hii nilibadilisha tu mahali pa kutuma. Siku ya kumalizia deni mnunuzi alinipigia simu akasema zimefika. Nikasema asante. Nikaendelea na kola niliyokuwa nashona.

Kinamama husikitika ninapofika hapa. Wanataka niseme nililia kwa furaha. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: usisubiri kujisikia vizuri ndipo uanze. Chagua jambo dogo, lifungie kwenye kitu unachofanya kila siku, na ulifanye hata siku ambayo hujali. Siku ya namna hiyo ikija, litakufanyia kazi wewe ukiwa umelala macho wazi. Moyo utakuja baadaye, ukitaka. Wangu umechelewa, na sijaukemea.

Kahawa ikaiva. Nilichuma nyekundu tu, zile za kijani nikaziacha mtini zimalize siku zao, kisha nikaanika kwenye turubai mbele ya nyumba. Shemeji alikuja asubuhi moja bila kubisha hodi, akashika reki akaanza kugeuza upande wa pili. Baadaye akaomba maji.

Tulikuwa bado tunageuza mnunuzi alipofika kwa pikipiki yake.

"Mama, hodi. Hii nachukua leo. Taja bei."

Nikachota gao moja la mkono nikampa. Akazitikisa sikioni. Kahawa iliyokauka hucheza ndani ya ganda. Hizi hazikusema kitu.

"Mbichi kidogo," akakiri. "Lakini nachukua hivyohivyo."

"Chama cha msingi cha wakulima kinafungua mzani wiki ijayo," akasema shemeji, bila kuinua macho kwenye reki.

Mnunuzi akanitazama mimi. "Wewe unasemaje, mwenye mali?"

"Ngoja zikauke," nikasema. "Nitasikia kwanza bei ya chama, halafu yako."

Akazirudisha kwenye turubai, akafuta viganja, akauliza kama kuna ndizi zimeiva jikoni maana tangu asubuhi hajala. Zilikuwepo. Nikaenda kumpakulia.