Paja la Mdakaji

Ligaya, mpambaji wa televisheni pale mjini Iloilo, huwapaka poda wasichana wa voliboli hadi mapajani, maana kamera hupenda kushinda huko. Anayemshangaza ni mmoja tu: yule mdakaji mfupi, mwokoaji wa mipira ya nyuma, vidole vyote plasta, anayekula wali wa vitunguu saumu huku akipakwa, kisha hujipiga makofi mapajani poda yote ikapeperuka.

Leo paja lake limevilia damu, zambarau tupu.

"Hapo paache, dada."

"Weee! Bosi atanimeza mzima."

"Mwambie nimeumia nikiokoa pointi. Na pointi nayo mtaipaka poda?"

Ligaya akacheka, akapaacha bila poda, akakimbilia skrini kuona itakuwaje. Kamera ikateremka pajani kama ilivyozoea, ikakutana na lile zambarau, ikapanda mbio hadi usoni. Nchi nzima ikamwona, kwa mara ya kwanza, anavyoukodolea mpira macho.