Aliyekuwa Anampangia Bhoke Begi

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya, na miwani nilikuwa nimevaa. Nasema mapema kwa sababu vijana wa siku hizi ukiwasimulia kitu wanauliza, "Bibi, hukuwa umesinzia?" Sikusinzia. Ilikuwa mchana, jua linawaka, kuku wa mama wa kantini wanaparura chini ya dirisha. Kama wewe unataka mizimu ya usiku, tafuta kwa mwingine.

Chuo sikitaji. Watoto wa watu bado wanasoma pale.

Mimi Mungu alinipa mabinti: Nyangi, Ghati, Wegesa na marehemu Sabina. Wote wakaolewa, boma likabaki na mimi na mbwa. Kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume haachi nyumba yake ife. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto wa msichana yule wanakuwa wa nyumba ile. Tunaita nyumba ntobhu. Ndivyo nilivyomwoa Robi, na Robi akamzaa Bhoke. Kwa hiyo Bhoke ni mjukuu wangu kamili, asije mtu kunipimia damu. Na Bhoke ndiye wa kwanza kwangu kufika chuo kikuu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu.

Alikuwa mwaka wa mwisho, mitihani imekaribia, akanipigia simu.

"Bibi, narudi nyumbani. Chuo basi."

"Una mimba?"

"Hapana, Bibi."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Kila nikitoka darasani nakuta begi langu limepangwa."

Nguo, vitabu, mpaka mswaki, vyote ndani, zipu imefungwa. Mwanzoni walidhani ni utani wa chumbani. Bhoke alikuwa analala chumba kimoja na Neema wa Dodoma na Zawadi wa Bukoba, na wao mabegi yao yalipangwa vilevile, wakawa wanatupiana maneno, huyu anamwambia yule ana mkono mrefu. Halafu siku moja Neema akabeba begi akaondoka bila kuaga. Zawadi akafuata. Zawadi huyo alimwambia Bhoke kwenye simu kwamba alishtukia yuko stendi ya kwao, hajui nani alimkatia tiketi.

"Na mimi juzi," Bhoke akasema, sauti imekwisha, "nilijikuta getini na begi mkononi."

Nilifunga shuka langu nikaenda.

Getini kulikuwa na kijana mlinzi. "Shikamoo, Bibi. Hosteli wageni hawaruhusiwi."

"Marahaba. Wewe mura, wa kwa nani?"

"Wa kwa Mwita Nyamhanga, Nyamongo."

"Mwita wa ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja? Mama yako Weisiko nilimshika mimi mgongo akimzaa kaka yako Marwa. Haya, nizuie."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akafungua geti.

Metroni, mama mmoja mpole anaitwa Mama Joyce, ndiye aliyenipa ruhusa ya siku chache. Ndiye pia aliyenieleza kuhusu kitanda cha juu, upande wa mlango, kisicho na godoro. Kilikuwa cha Mogesi, msichana wa Machochwe. Alikwenda likizo, akaugua huko nyumbani, akafa kabla ya kumaliza chuo. Tangu hapo hakuna aliyepangiwa kitanda kile.

"Mlisali?" nikamuuliza.

"Tulisali, Bibi. Wachungaji wawili walikuja."

Kesho yake Bhoke akaenda darasani. Nikabaki peke yangu nachambua maharage juu ya ungo. Hosteli mchana mmeshaisikia? Asubuhi ni kelele, ndoo, miziki, mtu anadai sabuni yake. Baadaye wote wanakwenda, panabaki kimya kama boma lililohamwa.

Mlango ulifunguka. Kitasa sikukisikia. Akaingia msichana, sweta la kijivu, nywele kasuka vizuri, uso wa watu wa kwetu kabisa. Nikangoja salamu. Mtoto gani wa Mkurya anamkuta mwanamke wa mvi ameketi, asiseme shikamoo? Alipita mbele yangu kama napita mimi mbele ya jiwe. Akavuta begi la Bhoke chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo.

Hapo ndipo nilipojua. Miguu iliniambia nenda. Lakini nikafikiri: nikikimbia mimi, Bhoke atabaki na nani? Mtoto ambaye nimemlea kwa jembe, amebakiza mitihani ya mwisho, aje mtu asiye na hata salamu amrudishe nyumbani kuchunga mbuzi?

Nikaweka ungo chini. Nikaenda kwenye lile begi, nikatoa gauni alilolikunja, nikalirudisha kabatini.

Akakunja lingine. Nikalitoa.

Niamini, tulifanya hivyo muda mrefu. Yeye anaweka, mimi natoa. Alikuwa anakunja vizuri, nisimwonee, pembe kwa pembe, mama yake alimfundisha. Mikono yetu iligusana mara moja na wa kwake ulikuwa baridi kama mtungi. Sikuurudisha wangu. Nilikuwa nimekasirika sana.

"Wa kwa nani wewe?" nikamuuliza kwa Kikurya.

Akajibu bila kuniangalia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wa Machochwe. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akasimama na blauzi mkononi. Nikarudia: "Nakuuliza, Mogesi, nyumbani kwa nani?"

Blauzi akaikunja, akaikunjua tena. Nikaelewa, na hasira yangu ikapungua kidogo. Kwetu binti kwa baba yake ni mpitaji. Nyumba yake iko mbele, kwa mume au kwa mama kama mimi, na huko ndiko jina lake linakopewa mtoto. Huyu alikufa kabla ya kuifikia. Hakuna nyumba, hakuna mtoto wa kuitwa Mogesi. Ndiyo maana alikuwa anawapanga wenzake wote waende nyumbani, akitumaini mmoja atafika naye mahali.

Basi nikasema. Hakuna aliyenituma, wala sikuuliza wazee.

"Kama ni nyumba unatafuta, mimi ninayo. Nilimwoa Robi na wewe nakuoa. Ng'ombe nitapeleka kwenu. Lakini sikiliza. Bhoke ni mtoto wa nyumba hiyo, na mke wa nyumba yangu hamtoi mtoto shuleni. Ukimgusia tena begi, hakuna ndoa."

Akanigeukia. Mara ya kwanza akaniangalia usoni, macho ya mtoto aliyechoka. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya mabinti wetu wakipokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamjibu.

Palepale nikawa naangalia ukuta.

Bhoke alimaliza mitihani yake yote, na begi halikusogea mpaka alipolipanga yeye siku ya kufunga chuo. Mimi na Robi tukaswaga mtamba mpaka Machochwe. Baba mdogo wa Mogesi, Matiko, alinipigia kelele mbele ya watu.

"Mwanamke mzee, unaoa marehemu?"

"Aliye hai ninaye tayari," nikamwambia. "Shika kamba."

Hakuishika. Aliyeishika ni mama wa Mogesi, na alilia akiwa ameegemea shingo ya yule mtamba. Njiani kurudi Robi akasema, "Mama, mke mwenza hali wala halali, sasa nitamlalamikia kwa lipi?" Tulicheka mpaka nikakaa chini barabarani.

Kanisani walinisema. Mzee mmoja wa kanisa akanitaka nitubu mbele ya washirika. Nitubu nini? Nilimpa mtoto wa mtu mahali pa kuketi. Jumapili nakaa benchi la mbele, na wimbo naimba kwa sauti.

Bhoke sasa anafundisha, ameolewa, na binti yake wa kwanza tumempa jina Mogesi. Likizo analetwa kwangu hapa Turwa. Jioni nikisimama mlangoni nikaita, "Mogesi!", anaitika kutoka kwenye mahindi. Na mara nyingine, akishaitika yeye, anaitika mwingine kutoka jikoni, sauti ya mtu mzima. Wageni wanaruka. Mimi natoa sahani mbili.

Sasa ninyi mlio na binti aliyekufa bila nyumba, mnaona aibu hata kumtaja: mpeni nyumba. Msipompa ataitafuta mwenyewe, na ataanzia kwa watoto wenu waliolala hosteli. Na wewe unayesoma, siku ukikuta begi lako limepangwa na hukulipanga, usilibebe. Litoe nguo zote, moja moja, uzirudishe kabatini. Akiweka, toa. Usichoke kabla yake.