Mzee Bona Hajui Kuishia Katikati

Kipupwe kikishuka kijijini Tlawi, huko Mbulu, mtu mwenye akili timamu hukaa karibu na moto. Mahindi yako darini, maharage yameshapigwa na kupepetwa, ng'ombe wanatafuna mabua, na ukungu unalala mabondeni mpaka jua lipate nguvu za kuufukuza. Wengine huutumia msimu huu kushona magunia, wengine kuposa, wengine kusema watu. Bonaventura aliutumia kusoma, na akishasoma, kuwaambia wenzake wasome nini.

Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mpishi wa shule, na wanaodhani jikoni si mahali pa kupatia elimu hawajawahi kuchemsha maharage ya shule nzima. Maharage hayana haraka. Ukishapanga kuni na kufunika sufuria, huna la kufanya ila kungoja, na Bonaventura alingoja na kitabu mkononi, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wenye joto. Alisoma kila kilichosahauliwa na walimu juu ya meza. Chakula aliunguza mara chache tu, na hizo chache wanafunzi wake wa zamani humkumbusha bado wakikutana naye mnadani.

Alipostaafu, padri mmoja mzee aliyekuwa anahama aliacha maboksi ya vitabu, walimu waliohamishwa wakaongeza vyao, na kijiji kikatoa chumba kitupu kando ya ofisi ya mtendaji. Mwalimu Ludovika, mwenyeji wa Bukoba ambaye baridi ya Mbulu haijakubaliana naye mpaka leo, alivipanga vitabu kwenye rafu huku amevaa kofia ya sufu na soksi mbilimbili. Ufunguo akapewa Bonaventura, na tangu siku hiyo Jumamosi ikawa siku yake kuliko hata Krismasi.

Akishakamua na kunywa uji, alivaa koti zito, akajitupia shuka juu yake, akaenda kufungua chumba. Kulikuwa na raha ndogondogo ambazo hakumwambia mtu, maana angechekwa. Harufu ya karatasi ya zamani iliyowahi kukaa karibu na moshi. Kitabu kilichoachwa dirishani kwenye jua mpaka kikapata uvuguvugu, ukakishika kwa mikono miwili kabla hata ya kukifungua. Chai ya maziwa inayochemka taratibu. Kiazi kwenye majivu wakati mtu anamalizia sura. Na kiazi kikiungua, basi ujue sura ilikuwa nzuri.

Watu walikuja, tena wengi. Walijaa barazani na mablanketi yao, jiko la mkaa katikati, wakamwuliza mwisho huu wa wiki wasome nini. Hapo Bonaventura alikuwa fundi kweli. Hakutoa kitabu kama mtu anayegawa sare. Alimtazama mtu, akamwuliza habari za nyumbani, akakuna kidevu, ndipo akaingia ndani na kutoka na kitabu chake. Efrazia, mjane mwenye ugomvi usioisha na mawifi, alichaguliwa kile cha mwanamke aliyefuga nyuki na kuwashinda ndugu wa mume. Akonaay, rika lake na jirani yake, aliyekuwa hajawahi kupanda treni, alichaguliwa cha karani wa reli aliyepotea na mabehewa yake.

"Hiki ni chako kabisa," Bonaventura alisema. "Kwa kifupi tu nikudokeze."

Kifupi cha Bonaventura kilikuwa kirefu. Alianza na mvua ya ukurasa wa kwanza, akaigiza sauti ya karani na ya bosi wake, akasimama, akakaa, akalia kidogo pale pa kulia. Birika likakauka, likajazwa, likakauka tena. Alipofika mwisho, watu walishusha pumzi, wakapiga makofi, wakajifunga mablanketi yao vizuri na kwenda nyumbani wameridhika. Bonaventura alikirudisha kitabu rafuni naye ameridhika vilevile. Kama mtu angemwambia kuwa kuna kasoro hapo, angemwona mchawi.

Mtu huyo alikuwa Julius, mtendaji wa kijiji, kijana mwenye adabu na mwenye kazi nyingi. Asubuhi moja ya Julai alisimama mlangoni pa chumba cha vitabu, akatazama dari, akatazama sakafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtendaji. Karibu, kitabu gani?"

"Sijafuata kitabu, mzee. Wakulima wa vitunguu saumu wananisumbua. Mazao yao yanaoza kwa unyevu, hawana stoo. Chumba hiki kina bati zima na sakafu ya saruji. Nauliza tu, hivi vitabu vinaazimwa?"

Bonaventura alicheka. "Vinaazimwa? Njoo Jumamosi uone mwenyewe. Utakosa pa kukaa."

Jumamosi Julius akaja, na kweli akakosa pa kukaa. Bonaventura alikuwa amependeza, koti limepigwa brashi. Alimkaribisha kwa maneno mengi, kisha akamgeukia Akonaay. "Ndugu yangu, mweleze mtendaji faida ya chumba hiki."

Akonaay alisimama, akavua kofia. Alikuwa anampenda Bonaventura, na alitaka kumtetea kwa nguvu zake zote.

"Mtendaji," alisema, "mimi nilikuwa gizani. Leo niulize kitabu chochote humo ndani. Cha karani wa reli? Nakijua. Cha mama wa nyuki? Nakijua mpaka mwisho, nyuki wanahamia kwa wifi na wifi anakimbia. Vyote ninavyo hapa kichwani, na sijafungua hata kimoja. Nibebe kitabu cha nini wakati Bona yupo?"

"Na macho hayaumi," Efrazia aliongeza. Baraza zima likaitikia kwamba ni kweli.

Julius hakucheka. Aliingia ndani, akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama kilivyojaa vumbi. Mwalimu Ludovika, aliyekuwa kwenye kona na kikombe chake, aliinamisha kichwa.

"Mzee, nakuheshimu," Julius alisema kwa upole. "Lakini hapa tuna msimulizi, hatuna maktaba. Msimulizi anaweza kukaa hata nyumbani kwake. Hali ikibaki hivi, mwisho wa Agosti vitunguu vinaingia, na vitabu tutavirudisha kwenye maboksi."

Bonaventura alikwenda nyumbani bila kuaga. Aliogopa, na alijua anaogopa nini. Maboksi yangewekwa kwenye stoo ya mtu, chini, penye unyevu. Panya wangeanza na gundi, mchwa wangemalizia maneno, na baada ya masika moja karani, mama wa nyuki na wengine wote wangekuwa vumbi. Na ubaya ni kwamba aliyewaua ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Mkewe Zita alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Ni mwanamke wa maneno machache, jambo ambalo majirani wanasema ni la lazima katika nyumba ile, ili hewa iwatoshe wote wawili. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe dogo nje.

"Baba Evaline," alisema, "wewe ulikuwa mpishi. Mtu ukishamshibisha, utamwuliza mbona hapiki?"

"Sasa nifanye nini? Ninyamaze?"

"Waonjeshe. Kijiko kimoja."

"Nikianza siwezi kuacha, Mama Evaline. Unanijua."

"Nakujua," Zita alisema, na akaendelea na maharage yake.

Jumamosi iliyofuata Zita alikwenda naye, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa mbele kabisa na ungo wake. Bonaventura alitoa kitabu chenye jalada la kijani, cha ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Alikuwa amekichagua makusudi, maana Akonaay na kaka yake walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu baba yao alipofariki, kisa kikiwa mstari wa minyaa uliogawa mashamba yao. Alisimulia jinsi mpaka ulivyosogezwa usiku, jinsi mkubwa alivyolaumiwa, jinsi mdogo alivyoapa mbele ya wazee. Alisimulia juu ya mama yao, aliyemwona mwizi wa mpaka kwa macho yake na kunyamaza miaka yote.

"Siku ya baraza ikafika. Watu wamejaa. Wanawe wamesimama, mmoja huku, mmoja kule. Yule mama akainuka, akaegemea fimbo yake, akafungua kinywa..."

Zita alikohoa.

Bonaventura naye alikuwa amefungua kinywa, na neno la yule mama lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza. Lilimwuma lilivyoshuka. Alikifunga kitabu na kukiweka mapajani.

"Basi," alisema.

"Basi nini?" Akonaay aliuliza.

"Yaliyobaki yamo humu."

Watu wakatazamana, wakakitazama kitabu. Kisha wakaja juu. Mmoja alisema mzee anaumwa. Efrazia alisema huo si ustaarabu, mtu hawezi kupanda mlima Hanang mpaka karibu na kilele halafu kiongozi wake akarudi nyumbani. Walimbembeleza, wakamtania, wakamtishia kwamba hawatarudi. Bonaventura alitikisa kichwa tu, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Wakaondoka mmojammoja wamenuna, na kitabu hakikuchukuliwa.

Wiki hiyo ilikuwa ngumu kwake. Jumapili baada ya misa walimzunguka uwanjani na kumwuliza yule mama alisema nini. Jumatatu Efrazia alileta chupa ya maziwa mgando, akakaa, akasema hana haraka. Bonaventura aliyanywa maziwa yote, akamshukuru, akamwambia kwamba kitabu kiko rafuni na ufunguo uko mfukoni. Alijiona mkatili. Mara mbili alijikuta peke yake zizini akimsimulia ng'ombe mwisho wa hadithi, kwa kuwa ilibidi mtu fulani aambiwe.

Jumatano, wakati wa kukamua jioni, Akonaay akaja. Alisema amekuja kuazima panga. Panga alipewa, na bado akasimama pale, akichunguza makali yake ambayo alikuwa anayajua tangu zamani.

"Yule mama," alisema mwishowe, bila kumtazama rafiki yake. "Alimtaja mkubwa au mdogo?"

"Twende nikufungulie chumba," Bonaventura alisema.

"Mimi nasoma polepole, Bona."

"Maharage nayo huiva polepole."

Akonaay alikichukua kitabu cha kijani, akakifunika kwa blanketi kama mtu aliyekamata kuku. Kesho yake Efrazia alisikia, akaja mbio na hasira, na kwa kuwa alichokitaka kilikuwa kimeshatoka, Mwalimu Ludovika alimpa kingine, akamdokeza kurasa mbili tu kisha akafunga mdomo. Mwalimu alikuwa mwanafunzi mwepesi. Jumamosi ile na zilizofuata Bonaventura alionjesha kijiko kimoja kwa kila kitabu, na aliposikia ulimi unamwasha alijaza kiazi mdomoni. Rafu zikaanza kuwa na mapengo. Kitabu kimoja kilifika hata kwa binti yake Evaline huko Endasak, juu ya bodaboda, ndani ya gunia la viazi, na kikaombewa ruhusa ya kukaa zaidi.

Mwisho wa Agosti Julius alikuja na kamba ya kupimia. Alisimama mlangoni, akaziangalia rafu zilizobakiwa na vitabu vya kuhesabika, akaizungusha kamba na kuirudisha mfukoni. Vitunguu, alisema, atavitafutia nafasi kwa mkulima mmoja, Hermani, ambaye ana ghala zuri na maneno kidogo. Bonaventura alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kusahau kuuachia.

Jumamosi iliyofuata alifungua chumba kama kawaida. Aliwasha jiko, akachemsha chai, akafukia viazi kwenye majivu. Ukungu ulikuwa mzito. Alingoja. Mtu mmoja alipita, akarudisha kitabu, akachukua kingine na kusema anakimbilia nyumbani, amemwacha shujaa wake mahakamani. Mwingine alimtuma mtoto. Benchi likabaki tupu, blanketi hata moja halikuonekana, na chai ikaanza kupoa. Bonaventura alifurahi kwa ajili ya vitabu, lakini kwa ajili yake mwenyewe aliumia. Alikuwa amekiokoa chumba na kuwapoteza wasikilizaji, na hakuna aliyemwambia kwamba hayo mawili yangekuja pamoja.

Ndipo akamwona Akonaay anatokea kwenye ukungu, anatembea haraka kuliko umri wake, kitabu cha kijani kwapani.

"Umekimaliza?" Bonaventura aliuliza.

"Nimekimaliza leo asubuhi, nikichunga. Mbuzi wameingia kwenye shamba la Efrazia, lakini hayo tutayazungumza baadaye." Akonaay alivuta benchi karibu na jiko, akakaa, akakiweka kitabu mapajani kwa uangalifu. Macho yalikuwa mekundu. "Bona, nimepitia kwa kaka yangu kabla ya kuja hapa. Tumekunywa chai. Nilimwambia habari za yule mama, tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakunikatiza hata mara moja. Sasa kaa chini nikuambie na wewe. Au unakumbuka alichosema?"

Bonaventura alikuwa amekisoma kitabu kile mara nyingi mno. Alijua alichosema mama, alijua ni nani aliyelia kwanza, na sentensi ya mwisho aliijua kama sala. Alimimina chai vikombe viwili, akamsogezea rafiki yake kimoja, akajifunga shuka vizuri na kukaa.

"Sikumbuki vizuri," alisema. "Ikawaje?"