Gaspari Agombania Kodi

Karani wa kodi alipofika Mgori, wanaume wengi walikumbuka ghafla kwamba wana mizinga ya nyuki msituni. Gaspari Mughwai yeye alioga, akavaa kanzu yake ya Pasaka, akawahi kuwa wa kwanza mstarini. Katekista alikuwa amewafundisha kwamba Mkristo halipi kodi kwa kufukuzwa, maana barabara na zahanati hazishuki kutoka mbinguni, na Gaspari alilishika somo hilo kuliko sala zote.

Mwaka huu lakini, tuseme kweli, alikuwa na hamu zaidi ya cheti chenyewe cha kodi. Magdalena, mjane kutoka Issuna aliyekuwa akiuza togwa pale barazani kodi ilipolipiwa, alikuwa bado hajamjibu posa yake. Gaspari alimwambia, kifua mbele, kwamba yeye ni mwanamume wa kulipa kodi bado. Waliosamehewa kodi walikuwa wazee tu, na kila mtu alilijua hilo. Hata shikamoo alimkataza asimpe. Walisalimiana "hujambo" kama watu wa rika moja.

Karani akainua macho kutoka kwenye daftari. "Shikamoo, mzee. Wewe rudi nyumbani, umesamehewa."

"Nisamehewe nimekosa nini?" Gaspari aliruka. "Andika jina!"

Akanyanyua gunia la mtama la jirani, akazunguka nalo mara mbili, akalitua akihema na kucheka mwenyewe. Magdalena aliacha kumimina togwa, akawa anatazama.

"Haya," karani alisema, naye mbavu hana kwa kicheko. "Wajerumani walipofika huku ulikuwa wapi? Ukisema ulikuwa mgongoni kwa mama, nakuandika."

Jibu lilikuwa jepesi hivyo, na mke angempata juu yake! Lakini Gaspari atalipaje haki ya serikali kwa uongo, halafu Jumapili apige magoti mbele za Mungu? Siku hiyo aliichukia sana dhamiri yake.

"Nilikuwa nimeshatoka jandoni," alisema.

Karani akapiga mstari juu ya jina lake, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Gaspari alikusanya shilingi zake apite nyuma ya watu, lakini Magdalena alikuwa amesimama njiani, kata ya togwa mkononi.

"Marehemu mume wangu alikuwa na nguvu kweli," alisema. "Karani akija, yeye mbio porini, mimi nabaki mlangoni namdanganyia. Miaka kumi na miwili nimedanganya. Nimechoka."

Kisha, mbele ya karani na mstari wote, akapiga goti kidogo na kumkabidhi ile kata.

"Shikamoo, mume wangu."

Gaspari aliitikia "marahaba" kwa sauti iliyofika mpaka msituni, kwa wale wenye mizinga.