Mpima Maji na Shemeji wa Ng'ambo

Baada ya mafuriko makubwa, watu wa bondeni walihamia mlimani, wa upande huu na wa ng'ambo vilevile. Mke wa mpima maji naye alipanda kwa binti yao. "Wewe baki na mto wako," alimwambia bila hasira. Mzee akabaki, maana kazi yake ilikuwa kusoma nguzo yenye alama iliyosimama majini na kupiga simu idara ya maji kila asubuhi.

Mto ndio mpaka wa nchi mbili. Ng'ambo nako kulikuwa na nguzo, na mwanamke wa kuisoma. Kwa miaka kumi na tisa walipaziana sauti, wakiitana shemeji kwa utani.

"Shemeji, kwako ngapi?"

"Mita mbili na nusu. Kwako?"

"Mbili na robo."

"Basi hiyo robo nyingine mmeinywa."

Mzee hakuijua sura yake. Kwa mbali aliona kilemba chekundu tu.

Mwaka jana mafundi wa ng'ambo walifunga mashine inayosoma maji yenyewe. Mwanamke hakuonekana tena. Mzee aliita siku tatu, akachoka.

Mwezi uliofuata akadamka siku moja, akavaa shati la kutokea, akapanda basi hadi darajani, akagongewa muhuri, akapanda gari jingine. Adhuhuri, baada ya kuuliza njia, akamkuta yule mwanamke mlimani kwa mwanawe, amekaa kitandani akichambua maharage.

"Shemeji," akaita kwa sauti ya mtoni. Mkaza mwana jikoni akaangusha kifuniko.

"Polepole, nasikia," mama akasema, akimtazama juu hadi chini. "Kumbe wewe mfupi hivi."

"Kwa mbali kila mtu mrefu."

Wakacheka. Chai ikaletwa. Wakaulizana habari za watoto, za magoti, za ile mashine. Kisha maneno yakawaishia. Walizoea kutupiana neno mojamoja. Mazungumzo ya kukaa yaliwashinda. Mzee akatazama viatu vyake. Mama akaendelea na maharage. Saa tisa mzee akaaga, asije akafungiwa mpaka.

"Utakuja tena?"

"Mungu akipenda."

Wote wawili walijua safari ile si ya kurudiwa.

Mzee, binti yake alipompigia kumsihi ahamie juu, alijibu kwamba atafikiria. Mvua zikaanza. Asubuhi moja maji yakafika mita tatu kasoro kidogo. Alipiga simu, karani akaandika, akakata kabla ya kuagana. Mzee akaingia ndani, akawasha jiko, akabandika maji ya chai ya mtu mmoja.