Singo Niliyonyimwa

Mpaka leo nikipita mbele ya lile banda la baiskeli za mtumba damu inanichemka. Na kulipita ni lazima, maana liko njiani mwangu nikitoka nyumbani Lucky Summer kwenda Industrial Area. Muuzaji wake hunisalimia kila asubuhi kana kwamba hapajatokea neno kati yetu. Namwitikia kwa sababu nimelelewa, lakini moyoni namtukana.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Naanza kukaanga kabla ya adhana ya alfajiri, na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakifika kwenye geti la kiwanda nataka wanikute nimeshakaa. Pale getini hakuna mwenye hati ya nafasi. Ni ya anayewahi. Ukikosa asubuhi chache tu, mwenzako anatua jiko lake palepale ulipokuwa, na wateja waliokuita mama jana wanamwita yeye mama leo. Watoto wangu wanakula kwa nafasi ile. Baba yao alishaniacha, akaenda kuanza nyumba nyingine huko anakokujua mwenyewe.

Kwanza nilikuwa nachukua pikipiki. Mwenye pikipiki akipata abiria wa mbali ananiacha barabarani na ndoo zangu, bila hata kunipigia simu. Siku akija, anafunga breki kana kwamba amebeba mchanga, na mchuzi wa mbaazi unanimwagikia mgongoni. Nikachoka. Nikasema nanunua baiskeli, basi. Kuendesha najua tangu utotoni, nilijifunzia ile ya marehemu baba, miguu ikiwa haifiki chini.

Mama, ninayeishi naye, aliuliza watu watasemaje wakiona mwanamke mzima juu ya baiskeli. Nikamwambia nitavaa suruali ndani ya dera na watu waseme wanachotaka, maana hawajawahi kuniletea hata kilo ya unga. Akaguna, akaendelea kuchambua mbaazi. Mama hana haki ya kuniogopea maneno ya watu. Baba alipofariki tulikuwa wadogo, mimi na kaka yangu, naye alitulea kwa mahamri haya haya, kwa iliki na nazi hizi hizi. Mkono nilio nao ni wake.

Kaka yangu ndiye mkubwa. Ana duka la vitambaa, na tangu nipewe talaka amejipa kazi ya kunisemea kila mahali. Hakuna aliyemwomba. Siku ya kwenda kununua baiskeli akafunga duka, akaja.

Mtaani kwetu hizi baiskeli za milimani zina majina mawili tu. Yenye springi mbele pekee inaitwa singo. Yenye springi mbele na nyingine katikati ya fremu, chini ya kiti, inaitwa dabo. Fremu ya singo ni kitu kimoja, mbele na nyuma, haichezi. Dabo fremu yake imegawanywa, na nusu ya nyuma inapanda na kushuka juu ya springi. Dabo ndiyo ya kutazamwa. Kijana akipita nayo, shingo zinageuka.

Mimi niliiona singo mara tu nilipofika. Ya kijani, rangi imechubuka, chuma cha kweli, na kule nyuma karibu na ekseli ina matundu mawili ya kufungia keria ya mzigo. Nilichuchumaa nikayagusa kwa kidole. Hayo ndiyo niliyoyafuata pale, kwa sababu mimi sibebi mwili wangu tu, nabeba ndoo na sufuria. Nikamuuliza muuzaji kama gia zote zinaingia. Akamjibu kaka. Nikamuuliza ina tairi za saizi gani. Akamjibu kaka tena. Nimesimama katikati yao, na maneno yananipita juu ya kichwa.

“Buda, singo itachapa mathe mgongo,” muuzaji alimwambia kaka, na mathe, yaani mama, ndiye mimi. “Hiyo barabara ya Baba Dogo si unaijua? Mchukulie dabo, ataskia ni kama amekalia sofa.”

Nikamwambia kaka kwamba dabo haina pa kufungia keria, na kwamba kitu kinachocheza nyuma hakibebi mchuzi. Kaka akacheka. Alinigeukia mbele ya yule mtu nisiyemjua, na vijana wawili waliokuwa wakitia upepo, akasema:

“Dada, wewe mwenyewe ni singo. Sasa singo juu ya singo, itakuwaje?”

Wakagongana mikono. Kwetu singo ni baiskeli, na singo ni mwanamke asiye na mume anayelea peke yake, na neno lile lilinichoma kote kuwili. Pesa zilikuwa zangu, za karai. Nilikuwa nimempa yeye azishike ili bei isipandishwe kwa kuwa mimi ni mwanamke. Akaingiza mkono mfukoni, akazitoa, akalipa dabo. Sikuulizwa.

Kuhusu keria muuzaji alisema hiyo ni shida ndogo. Akamwita mchomeleaji wake, naye akachomelea keria upande mmoja kwenye bomba la kiti, upande wa pili kwenye nusu ya nyuma, ile inayocheza. Yaani amechukua vitu viwili, kila kimoja kina mwendo wake, akavifunga kwa chuma kimoja. Mtu yeyote aliyewahi kupigilia msumari mlango unaofunguliwa kila siku anajua kitakachotokea: kitu kitakatika. Nilisema. Nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, mathe.

Asubuhi ya kwanza nilijua nimepewa adhabu. Kila nikikanyaga pedeli ile baiskeli inajaribu kuchuchumaa, keria inaizuia, chuma kinalia, na nusu ya nguvu zangu zinaishia kwenye springi. Kwenye mlima nilishuka nikasukuma. Vijana wa mtaa wananipigia mluzi, eti mathe na dabo yake, na mimi jasho linanitiririka ndani ya dera, nahesabu nani ameshafika getini. Nilifika, lakini kwa kuhema.

Haikumaliza wiki. Nilikuwa nimeshaingia Industrial Area, natokeza kwenye barabara ya maghala, gurudumu likapiga shimo. Chuma cha keria kikakatika pale pale palipochomelewa. Ndoo ikaruka, kifuniko upande wake, na mahamri yangu yakatawanyika kwenye lami, mengine yakaingia chini ya lori lililokuwa likirudi nyuma. Mbaazi zilimwagika zote. Niliinama kuokota, kisha nikajiuliza naokota nini, naokotea nani, nikasimama. Nililia kwa hasira, kwa sauti, na askari wa ghala akatoka akanitazama akarudi ndani.

Fundi wa kunitengenezea upesi sikumpata, na asubuhi zilizofuata nilikosa. Niliporudi getini kwa miguu, nikibeba ndoo ndogo kichwani, nafasi yangu ilikuwa na mtu. Mama mmoja wa chai na mandazi. Mandazi makavu, hayana iliki wala nazi, na wateja wangu wanayala. Sikumlaumu. Hata mimi ningekaa.

Kaka alipopata habari alikuja jioni ile akaketi, akaniambia kosa ni langu, nimepakia kupita kiasi. Dabo haina shida. Akasema labda Mungu ananionyesha nikae nyumbani, yeye atakuwa ananisaidia. Kisha akasema, “Baiskeli niliyokununulia hujaitunza.” Aliyoninunulia! Niliondoka chumbani nisije nikamvunjia heshima mbele ya Mama, ambaye alikuwa ameinamia sinia lake la mbaazi.

Kesho yake niliikokota ile dabo mpaka bandani. Muuzaji aliitazama, hakushangaa hata kidogo.

“Hii rahisi, mathe. Tunaiua shoks ya nyuma.”

Nikamuuliza kuiua ndiyo nini. Akanieleza bila haya: unatoa springi, mahali pake unachomelea kipande cha nondo, nyuma haichezi tena, unafunga keria unavyotaka. Wote wanaobeba mzigo hufanya hivyo, akasema. Akanyoosha kidole nyuma ya banda. Palikuwa na rundo la springi, zilizopata kutu na mpya mpya, zimerundikwa kama maganda ya muhogo. Zote zimetolewa kwenye dabo alizouza yeye.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira za kweli. Kumbe alijua. Anauza sofa, kisha analipwa tena kuivunja iwe benchi, na benchi lenyewe lilikuwa pale tangu mwanzo, la kijani, bado limeegemea ukuta halijapata mnunuzi. Nikamwambia nataka ile singo, achukue dabo yake. Akasema biashara haiendi hivyo, na nimwite yule buda tuongee.

Sikumwita mtu. Niliokota springi moja kubwa kwenye rundo, nikaketi kwenye kigoda chake mbele ya banda, nikaipakata. Kila mteja aliyekuja nikamsalimia, nikamuuliza anataka ya kutembelea au ya mzigo. Akisema ya mzigo, namwonyesha springi, namweleza zilipo nyingine. Sikupaza sauti. Muuza maziwa mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuangalia rundo kwa macho yake, akaondoka bila kuaga.

“Mathe, si unaniharibia kazi,” muuzaji alisema. Safari hii hakuniambia nimwite buda.

Kabla ya adhuhuri nilimwachia dabo yake, nikatoka pale na singo ya kijani, keria imefungwa kwa skrubu kwenye matundu yake. Inachapa mgongo, ndiyo. Mgongo ni wangu. Asubuhi iliyofuata nilipanda ule mlima nimeketi, sufuria imetulia nyuma, na nilifika getini kukiwa hakuna mtu. Mama wa mandazi alikuja na jiko lake, akanikuta. Alisimama kidogo, kisha akasogea upande wa ukutani. Sheria ya geti anaijua.

Ijumaa kaka alikuja kula kwetu baada ya swala. Singo ilikuwa imeegemea mlango, akalazimika kupita kando yake. Akaingia anacheka, akakaa mkekani, akanawa mikono.

“Kumbe dada umeamua,” alisema. “Singo juu ya singo.”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba tangu siku ile ya bandani, nimelinoa njia nzima ya Baba Dogo. Lakini Mama aliniwahi. Alikuwa anapakua wali, na aliendelea kupakua.

“Na mimi niliyekulea wewe,” alimwambia, “nilikuwa nini?”

Kaka akavuta sahani yake karibu. Mama akamwekea mchuzi, nyama ile anayoipenda, akamsogezea na ndimu kama siku zote. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama ile baiskeli inaweza kubeba ndoo ya pili, maana anafikiri kuongeza viazi vya karai.